Karama wa Kusadikika na Kibaka wa Makambako

Kitabu cha Kusadikika cha Marehemu Shaaban Robert nimekifundisha kwa miaka mingi, kwanza katika shule za sekondari na baadaye katika chuo cha ualimu. Nilikuwa na maswali yangu ya mtihani na majibu yake, na wanafunzi wangu wengi walifaulu vizuri. Hata hivyo, leo nikiwa mzee niliyepita miaka sabini, nimekaa nyumbani Njombe na blanketi magotini kwa ajili ya baridi yetu ya Julai, napenda kukiri mbele ya msomaji kwamba kitabu hicho nilikifundisha bila kukitii. Makala haya ni uhakiki wa kitabu, lakini pia ni uhakiki wa msomaji wake mmoja.

Kwa wale waliokisoma zamani wakasahau, nitakumbusha kwa ufupi. Kusadikika ni nchi ya kubuni iliyo angani. Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno mbele ya mfalme kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya uanasheria. Anaomba nafasi ya kujitetea, anapewa, na kwa siku kadhaa anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali kuitafutia nchi yao mema: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Kila mmoja alirudi na maarifa, na malipo yake yakawa kifungo. Mwishowe Karama anaachiliwa, na wajumbe nao wanafunguliwa. Kitabu kilitoka mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, na wahakiki wengi wamekisoma kama fumbo juu ya utawala wa kikoloni. Hivyo ndivyo nami nilivyokifundisha. Niliandika ubaoni "Dhamira kuu: ukandamizaji wa wakoloni", nikapiga mstari chini yake, na wanafunzi wakanakili. Mkoloni alikuwa amekwisha kuondoka, kwa hiyo hapakuwa na mtu darasani aliyeguswa.

Sasa nieleze kosa langu. Muhula mmoja wa miaka ya themanini, nikiwa mkuu wa shule ya bweni katika wilaya hii, lilipotea blanketi. Msomaji wa Tanga au Dar es Salaam huenda akacheka, lakini huku kwetu mwezi wa Juni blanketi ni nusu ya afya ya mtoto. Kijana mmoja wa kidato cha pili akatajwa. Alionekana jioni ile akitoka bwenini peke yake, na mwaka uliotangulia alikwisha kukutwa na sabuni ya mwenzake. Basi, ikatosha. Asubuhi mstarini nilimwita mbele, nikamchapa viboko, nikamwandikia barua ya kwenda kumleta mzazi wake. Ilipofika saa nne niliingia kidato cha tatu na Kusadikika mkononi, nikaeleza kwa ufasaha ubaya wa kumhukumu mtu kabla ya kumsikiliza.

Siku ya tisa blanketi likapatikana. Binamu yake mwenye blanketi, aliyelala bweni la pili, alikuwa ameliazima bila kusema, kisha mambo yalipopamba moto akaogopa kusema. Wiki iliyofuata akaja baba yake yule kijana, mkulima, amevaa koti la mvua. Tulisalimiana kwa Kibena, tukaulizana habari za mashamba, kisha akanieleza kwamba mtoto hakufika nyumbani. Alishuka Makambako, na ilisemekana amepata kazi ya utingo kwenye malori. Nikamweleza jinsi blanketi lilivyopatikana, nikasema shule iko tayari kumpokea mwanawe. Mzee yule alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa adabu kabisa, "Mwalimu, siku ile ulimwuliza?"

Sikumwuliza. Nilikuwa nimewauliza viranja, mwalimu wa zamu, na mwenye blanketi. Yeye sikumwuliza. Kijana hakurudi shuleni, na mpaka leo sijamwona.

Swali la mzee yule lilinifanya nitazame upya maktaba yangu. Nilitaka kujua mimi, na wenzangu wa rika langu, tulijifunzia wapi habari za makosa na adhabu. Nikagundua kwamba hatukujifunzia katika Kusadikika. Hicho tulikisoma kwa ajili ya mtihani. Vitabu tulivyovisoma kwa kupenda vilikuwa vingine.

Cha kwanza kwangu kilikuwa Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, kilichotoka mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi. Bwana Msa na kiko chake, na rafiki yake Najum pembeni, walitupendeza sana sisi vijana wa miaka ya sitini. Baadaye kikaja Simu ya Kifo cha Faraji Katalambulla, mwaka 1965, na Inspekta Wingo wake. Kisha mwaka 1974 Elvis Musiba akatuletea Kufa na Kupona, na mpelelezi Willy Gamba akawa shujaa wa vijana nchi nzima. Nikiwa mkuu wa shule nilivinyang'anya vitabu vya Willy Gamba chini ya madawati, nikavifungia kabatini, na usiku nikavisoma mwenyewe kwa taa ya chemli.

Sivilaumu vitabu hivi kijuujuu, kama walivyofanya baadhi ya walimu wenzangu waliosema vinaharibu vijana. Bwana Msa ametufanyia hisani kubwa. Watu wanapomtaja mzimu, yeye anatafuta mkono wa binadamu. Anauliza nani alikuwa wapi, saa ngapi, na kwa sababu gani. Katika nchi ambayo hadi leo mtu anaweza kufa kwa kutajwa tu na mganga, somo hilo ni la thamani.

Lakini kuna jambo ambalo hadithi za upelelezi zinatuzoesha bila sisi kujua. Ndani yake ukweli upo tayari mfukoni mwa mwandishi, na msomaji anajua kwamba akivumilia atapewa. Mkosaji akishatajwa kazi imekwisha. Mahakama haina la kufanya, maana msomaji amekwisha kuambiwa na mwandishi mwenyewe, naye hawezi kukosea. Na kwa Willy Gamba mambo ni mafupi zaidi, kwani bunduki huhukumu papo hapo na sisi hupiga makofi. Hivyo tukakua tukiwa na hamu kubwa ya kumjua mkosaji, na uvumilivu mdogo wa kumsikiliza mtuhumiwa. Umati unaomzunguka kibaka barabarani ni kama wasomaji wanaotaka kuanza na ukurasa wa mwisho.

Magazeti yetu nayo yana lugha yake, na mwalimu wa Kiswahili hawezi kuipita bila kuisahihisha. Kwa miaka mingi tumesoma kwamba mtu fulani anayedhaniwa kuwa mwizi "ameuawa na wananchi wenye hasira kali". Tazama sentensi hiyo. Marehemu anadhaniwa tu, lakini amekwisha kufa. Waliomwua hawana majina, hawana idadi, ila wamepewa cheo cha heshima, wananchi, na sababu ya kusamehewa, hasira. Mtu mmoja akiua, tunamwita muuaji. Wakiua arobaini kwa pamoja, tunawaita wananchi. Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini, wakimaanisha kwamba hata ajifiche vipi atakamatwa. Sisi tukishamkamata hatumpi hata dakika arobaini za kueleza.

Watu wengi huniambia, "Mwalimu, umati haukosei sana, mwizi anajulikana." Napenda wakumbuke yaliyotokea Oktoba 2016 katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma. Watafiti wa udongo waliotoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, walifika huko kikazi pamoja na dereva wao. Uvumi ukaenea kwamba ni wanyonya damu. Watu watatu wakauawa. Walikuwa watumishi wa umma, waliokwenda kuchukua sampuli za udongo ili mkulima apate mazao bora. Lingeulizwa swali moja na kusubiriwa jibu lake, wangerudi kwao.

Wala si umati peke yake. Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, pamoja na dereva wa teksi, waliuawa na polisi Dar es Salaam, na taifa likaambiwa kwamba ni majambazi. Tume iliyoongozwa na Jaji Kipenka Mussa ikaeleza kwamba hawakuwa majambazi. Kesi ikaenda miaka mingi, na mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani afisa mmoja wa polisi. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Lakini msumeno huo usipopita mahakamani hukata upande mmoja tu, upande wa aliyefungwa mikono.

Hapa Njombe nasi tulijaribiwa. Mwishoni mwa mwaka 2018 na Januari 2019 watoto walitoweka, wakakutwa wamekufa. Serikali ilitaja miili kumi, baadhi ikiwa imeondolewa viungo, na mauaji hayo yakahusishwa na imani za kishirikina. Sitasahau asubuhi zile. Nilimsindikiza mjukuu wangu shuleni na fimbo mkononi, na njiani nilikutana na wazee wenzangu wakifanya vivyo hivyo. Mgeni yeyote alitazamwa kwa jicho baya. Siku moja nilimwona fundi nisiyemfahamu ameketi kando ya njia akila maandazi, na mimi, mwalimu wa Kusadikika, nikahisi moyoni kwamba ndiye. Hakuwa amefanya lolote ila kutokuwa wa kwetu. Baadaye watuhumiwa walifikishwa mahakamani, na mmoja wao alikuwa ndugu wa watoto aliodaiwa kuwaua. Sisi tulikuwa tukiwatazama wapita njia.

Hofu ile ya Njombe ilinifuata hata Makambako, mji ulio mwendo wa kilomita sitini hivi kutoka kwetu. Makambako ni mji wa wapita njia. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita hapo, njia ya Njombe na Songea inaanzia hapo, na reli ya TAZARA ina stesheni hapo. Watu hushuka, hula, hubadilisha gari, huondoka. Wengi hawajuani. Kila nikifika huko nina tabia ya kutazama nyuso za watu wazima walio kwenye malori, na msomaji sasa anajua sababu.

Mchana mmoja, miaka michache iliyopita, nilikuwa nasubiri gari la kurudi Njombe. Mara nikasikia, "Mwizi! Mwizi!" Kijana alikuwa chini, mdomo umepasuka, na watu wanazidi kuongezeka. Ilisemekana ameiba simu. Mmoja alishika jiwe. Mwingine alipiga kelele waletewe tairi. Nilisogea nikasema kwa sauti yangu ya mstarini, ambayo kumbe ilikwisha kuzeeka, "Jamani, mwulizeni kwanza!" Dereva mmoja wa bodaboda akanigeukia akasema, "Mzee, shikamoo. Kwani wewe ni wakili wake?"

Watu walicheka, nami nikanyamaza. Aliyemwokoa kijana si mimi. Alikuwa mama lishe aliyetoka bandani na mwiko mkononi, akasimama juu ya yule kijana akasema, "Hapa kwangu hafi mtu. Akifia hapa, kesho nani atakula chakula changu?" Hoja hiyo iliwaingia kuliko yangu. Walipokuwa wanabishana naye wakafika mgambo wawili, wakamchukua kijana kumpeleka polisi.

Ndani ya gari nilitafakari lile swali la bodaboda. Kwani wewe ni wakili wake? Ndipo nilipomwona Karama. Shitaka la Majivuno ni hilohilo. Karama hakushtakiwa kwa kuiba wala kuua. Alishtakiwa kwa kutaka watu wajifunze kumsemea mtu mbele ya hukumu. Majivuno si Mwingereza. Anaweza kuwa kijana mchangamfu wa bodaboda, mwenye shikamoo mdomoni. Anaweza kuwa mkuu wa shule.

Hata hivyo, uhakiki wa kweli hausifu tu. Kusadikika ina udhaifu, na udhaifu wake umetugharimu. Karama hana doa. Msomaji anampenda tangu mwanzo, anajua kwamba hana hatia, na anamsikiliza akisema kwa lugha tamu siku baada ya siku. Wajumbe wote sita ni watu wema. Katika nchi ile hakuna aliyeibiwa ng'ombe, wala mtuhumiwa mwenye sura mbaya na historia mbaya. Shaaban Robert anatuomba tumsikilize mtu mwema, na hilo si gumu. Kijana wa Makambako hakuwa na lugha tamu. Mdomo wake ulikuwa umepasuka. Mwanafunzi wangu alikuwa na habari ya sabuni nyuma yake. Kazi ya sheria inaanza pale ambapo tunayetakiwa kumsikiliza ni mtu tunayedhani kwamba ametenda. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mwandishi alitufikisha mlangoni; sisi walimu ndio tuliotakiwa kuwaingiza wanafunzi ndani.

Msomaji asidhani kwamba nawatetea wezi. Jirani yangu aliingiliwa shambani usiku, wakavuna parachichi zake changa, jasho la miaka. Alipokwenda kituoni aliambiwa gari halina mafuta. Mtuhumiwa alipokamatwa, alirudi mtaani siku ya tatu kwa dhamana, na kesi ikaahirishwa mara kwa mara kwa maneno ambayo kila Mtanzania ameyazoea, kwamba upelelezi haujakamilika. Mtu wa namna hiyo ukimwambia habari za haki ya mtuhumiwa, anaona unamdhihaki. Ana haki ya kukasirika. Polisi asiyefika na hakimu anayeahirisha wanachangia kuliwasha lile tairi.

Lakini ni wajibu wetu wazee kueleza yale ambayo watu hawakuelezwa. Dhamana si msamaha. Ni ahadi ya kurudi mahakamani. Haki za raia ziliingizwa katika Katiba yetu ya 1977 kwa mabadiliko ya mwaka 1984, na Ibara ya 13 inataka mtu asikilizwe kwa ukamilifu, na asitendewe kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 inamruhusu hata raia wa kawaida kumkamata mhalifu, mradi amkabidhi polisi bila kuchelewa. Kwa hiyo waliomkamata kijana wa Makambako hawakukosea kumkamata. Walikosea dakika iliyofuata.

Na tukikosea, tufanyeje? Hapa huwa namkumbuka Mzee Ali Hassan Mwinyi. Mwaka 1977, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa sababu watu waliokamatwa kwa tuhuma za mauaji ya kishirikina huko Shinyanga waliteswa, na baadhi yao wakafa mikononi mwa vyombo vya dola. Yeye hakumpiga mtu. Alikubali tu kwamba jambo limetendeka chini yake. Mwaka 1985 akawa Rais wa nchi, na sijapata kusikia mtu akisema kwamba kule kujiuzulu kulimpunguzia heshima. Mimi niliyeshika kiboko kwa mkono wangu sikujiuzulu. Wala sikusimama mstarini kuwaambia wanafunzi mia tatu walioniona nikimchapa yule kijana kwamba nilikosea. Nilihofu nidhamu ya shule ingelegea. Wale watoto leo ni watu wazima. Wengine ni walimu, wengine madereva, na huenda wengine husimama kwenye umati. Walichojifunza kwangu asubuhi ile hakikuwa ubaoni.

Miaka yangu ya mwisho chuoni, kabla ya kustaafu, nilibadili namna ya kufundisha Kusadikika. Siku ya kwanza sikufungua kitabu. Niliwapa walimu wanafunzi karatasi yenye safu mbili. Katika safu ya kwanza waandike mtoto wa mwisho waliyemwadhibu wakiwa katika mazoezi ya kufundisha, na kosa lake. Katika safu ya pili waandike mtoto huyo alisema nini alipoulizwa.

Karatasi nyingi zilirudi safu ya pili ikiwa tupu. Nilizikusanya bila kuzitia alama, nikawarudishia, kisha nikachora safu mbili ubaoni na kuandika habari ya blanketi. Nilipofika safu ya pili niliweka chaki chini.